Maoni ya Fundi Cherehani

Bi Gryzelda, nimevirudisha vyote vinne.
Umeniomba maoni, nami si msomi,
ni fundi wa zipu na pindo za suruali
hapa Łódź, nyuma ya kiwanda cha pamba
kilichogeuzwa kuwa maduka ya manukato.
Nasoma kwenye tramu, viatu vimelowa theluji.
Basi sikiliza.

Hiki chenye jalada la waridi:
tajiri ana taya, ana helikopta, ana huzuni.
Taya limetajwa mara kumi na tisa. Nilihesabu
kama ninavyohesabu pini, nisije nikamchoma mtu.
Huzuni imetajwa mara moja, karibu na mwisho,
ikatibiwa kwa busu.
Nani humfulia mashati? Hatuambiwi.
Mwanamume asiyejua shati lake linakaukia wapi
mimi simwamini, hata akilia.

Cha pili: maadui wa ofisi moja,
dhoruba, nyumba ya wageni, kitanda kimoja.
Kitanda kimoja! Mimi na dada yangu Dobrosława
tulilala kitanda kimoja miaka kumi na mmoja,
na kilichozaliwa pale ni ugomvi wa blanketi
ambao hata mazishi ya mama hayakuumaliza.
Lakini nakiri: ukurasa wa mia mbili na tatu,
anapomwanikia soksi juu ya kipasha joto
bila kusema neno,
nilipitiliza vituo viwili.

Cha tatu kilinipandisha presha.
Enzi za mabwanyenye, dansi, mishumaa,
na gauni la hariri lenye vifungo arobaini mgongoni
ambalo luteni analifungua kwa mkono mmoja, gizani,
huku akitoa ahadi.
Nimewahi kufungua gauni kama hilo, la jumba la maonyesho,
mchana, miwani machoni, kwa kulabu:
dakika ishirini na sita,
na maneno yaliyonitoka hayakuwa ya ahadi.
Mwandishi huyu hajawahi kushika kifungo.
Asiyejua kifungo atajuaje subira?

Cha nne nimekichelewesha. Nitalipa faini.
Mjane na mtengeneza saa, wazee wote wawili,
kurasa arobaini kabla mtu hajavua koti.
Hakuna helikopta. Kuna supu ya kabichi inayopoa.
Binti anauliza, "Mama, kwa umri huu?"
na mama anaendelea kumenya kiazi,
ganda moja refu lisilokatika.
Wasomaji wako watasema kinachosha. Waache.
Wamezoea mapenzi ya pasi ya moto,
yananyoosha upesi, yanaunguza upesi.
Kasoro naiona moja: mwishoni wanafunga ndoa.
Kwa nini kila mara ndoa, kana kwamba nguo
haivaliki mpaka ishonwe pindo?
Nimevaa pindo wazi miaka minane, na natembea.

Umeuliza pia kama nautaka muendelezo wake.
Ngoja nikuambie jambo lisilohusu vitabu.
Kuna mteja, Bwana Ziemowit, mrekebisha piano.
Kila Alhamisi huleta koti lilelile la kijivu,
kifungo cha pili kimetoka.
Sasa, kifungo kilichochakaa huacha uzi wenye manyoya,
mfano wa sharubu za paka.
Uzi wake umekatwa. Kwa mkasi. Safi.
Mara tatu.
"Koti hili lina mkosi," anasema,
macho yake yako kwenye kalenda yangu
ambayo bado inaonyesha Oktoba.
Ningelikuta hilo kitabuni ningeandika pembeni kwa penseli:
haiaminiki, mtu mzima hafanyi hivi.

Wiki iliyopita nilimshonea
kwa uzi wa kupigia bandi, ule dhaifu,
unaokatika hata kwa kikohozi.

Muendelezo? Ndiyo, niandikishe.
Ila sitaweza kuja kuuchukua Alhamisi.